Mahakama Iko Jirani na Kiwanda cha Mikate

Bibi yetu, mama yake mama, mji mzima ulimwita Bibi Subiri. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa opereta wa simu enzi zile ambazo huwezi kumpigia mtu bila kupitia kwa mtu mwingine, na mtu mwingine huyo alikuwa yeye. Ukiinua simu unakutana na sauti yake: "Subiri." Mkuu wa wilaya alisubiri, mwenye duka la magodoro alisubiri, hata aliyefiwa naye alisubiri. Alistaafu kabla mimi sijazaliwa, lakini ile kazi haikumtoka. Ukimwomba chumvi mezani alikwambia subiri, kisha akakuunganisha na chumvi.

Alikaa mbele ya swichibodi, ubao mrefu kama kabati, umejaa matundu, kila tundu na kitaa chake na jina lake. Kitaa kikiwaka, kuna mtu anaita. Unachukua waya unachomeka, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka upande wa pili, wanazungumza. Ofisi kubwa za jijini zilikuwa na laini za moja kwa moja hadi kituo chetu cha simu, na zote zilipangwa upande wa kulia wa ubao wake. Ndiyo maana bibi alilijua jiji.

Na jiji lenyewe si la mchezo. Lilikuwa kwenye kalenda, kwenye stempu, kwenye makopo ya biskuti: mnara wa saa, daraja la mawe, uwanja wenye chemchemi na njiwa. Watu wa mji wetu walikwenda huko siku mbili wakarudi wakiongea puani. Bibi hakuongea puani, ila ukianza kumsimulia ya jijini alikusahihisha.

"Stesheni, halafu Mahakama," alitufundisha mimi na mdogo wangu wakati wa likizo, tukichambua maharage kwenye kibaraza chake. "Mahakama iko jirani na Kiwanda cha Mikate. Chini ya Stesheni, Hospitali Kuu. Chini ya Mahakama, Makumbusho. Chini ya Mikate, Gereza."

Tulikariri kama wenzetu walivyokariri jedwali la kuzidisha. Mdogo wangu, tuliyemwita Wakili kwa sababu hakukubali jambo bila kulibishia, aliuliza kama wafungwa wananusa mikate ikiiva.

"Bila shaka, mume wangu," bibi alimjibu. Wakili alikuwa mume wake tangu azaliwe, na mimi nilikuwa mke mwenzake, na ugomvi wetu wa wake wenza ulikuwa juu ya nani atamkata kucha huyo mume.

Alijua sauti pia. Alisema katika maisha yake yote ya kazi hajasikia uongo uliozoeleka kama wa makarani wa jijini: "Bosi ametoka," na bosi unamsikia anakohoa pembeni. "Mwongo anavuta pumzi kwanza," alisema, "halafu anaharakisha." Tulijaribu kumdanganya mara nyingi, kuhusu sukari hasa. Hatukufua dafu.

Sasa, mwaka niliokuwa darasa la nne, mambo yalianza kwenda kombo. Bibi aliunguza sufuria ya maharage mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Alinunua sabuni, akarudi dukani kununua sabuni, na muuza duka, badala ya kumwambia, akamuuzia. Asubuhi moja nzima aliniita kwa jina la mama, na nilipomsahihisha akanitazama kama mimi ndiye niliyekosea. Mama yetu alikuwa nesi, na manesi hawaoni jambo wakaliita bahati mbaya. Nilimsikia akimwambia baba jikoni: "Mama anaanza kuchanganyikiwa. Watoto hawawezi kukaa naye peke yao tena. Aje akae hapa, chumba cha uani."

Kama mimi nilisikia, bibi aliyekuwa sebuleni alisikia pia. Masikio yale yalikuwa na pensheni lakini hayakuwa yamestaafu. Mama alipoitwa jijini kwenye semina ya kazi ya siku moja, bibi alisema tutakwenda sote.

"Wewe kaa kwenye semina yako," alimwambia mama. "Wajukuu nitawatembeza mimi."

Mama akasema kile tulichokibeba siku nzima kama yai: "Saa kumi, chini ya mnara wa saa. Ukinifikishia watoto salama, likizo wanakuja kwako kama kawaida. La sivyo, mama, itabidi tuzungumze habari za ile nyumba yako."

"Subiri uone," bibi alisema.

Tuliachana na mama mlangoni mwa Stesheni. Watu walikuwa wengi kama siku ya matokeo. Bibi alivaa viatu vyake vya kazini, vyeusi vya kamba, na mkoba wake ulikuwa na mkate, machungwa na simu ya mkononi ambayo mama aliijaza chaji usiku wa kuamkia siku ile kwa mkono wake mwenyewe. Alitushika mmoja huku mmoja huku.

"Mahakama kwanza," akasema. "Mkono wa kulia."

Tukaenda mkono wa kulia. Tukakuta duka la miwani, duka la magodoro, benki, kisha ukuta mrefu wenye mabango ya waimbaji. Ukuta ukaisha, likaanza duka jingine la magodoro.

"Wameihamisha," bibi akasema.

"Mahakama inahamishwaje, Bibi?" Wakili akauliza. "Ina magurudumu?"

Bibi alicheka, lakini alirudi hadi Stesheni akaanza upya, kama mtu aliyesahau wimbo anayerudi kwenye ubeti wa kwanza. Kulia tena. Miwani, magodoro, benki, ukuta. Safari hii alisimama mbele ya benki akaigusa kwa kiganja. Mng'arisha viatu aliyekuwa amekaa pale akamuuliza anatafuta nini.

"Mahakama."

"Mahakama? Mbali, bibi. Unavuka daraja, upande wa pili wa mto."

"Haiwezekani. Iko jirani na Stesheni."

"Bibi yangu, mimi nimeshtakiwa pale mara mbili. Unavuka daraja."

Tukavuka daraja. Lilikuwa lilelile la kwenye kopo la biskuti, na mimi nilitaka kusimama katikati niangalie maji, lakini bibi alikuwa anakwenda mbio huku midomo ikimcheza. Tulipita uwanja wa chemchemi, Wakili akawakimbilia njiwa, bibi hakuona njiwa wala chemchemi. Lile jiji maarufu nililipita kama mtu anayefukuzwa. Nikaanza kuwa na hasira naye, nikaona haya kuwa na hasira naye.

Mahakama tuliikuta. Nguzo nene, ngazi pana, mawakili wamebeba mafaili. Bibi akapumua. Akanyoosha gauni lake, akamwendea mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

"Mwanangu, tunaomba njia ya kushuka Makumbusho."

"Kushuka wapi?"

"Makumbusho. Si iko chini ya Mahakama?"

Mlinzi akatutazama mmoja mmoja. "Chini ya Mahakama ni mahabusu, bibi. Mna mtu wenu?"

"Hatuna mtu," Wakili akasema. "Tunataka kuona mifupa."

"Makumbusho iko kule mlipotoka, karibu na chemchemi. Mmeipita."

Bibi akauliza Kiwanda cha Mikate. Alikuwa anauliza kwa sauti ndogo sasa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mlinzi akasema kiwanda kilifungwa zamani, yeye bado kijana, na hakikuwa huku kabisa, kilikuwa nyuma ya Stesheni. Jirani na Mahakama palikuwa na bustani na choo cha kulipia.

Bibi akakaa kwenye ngazi za Mahakama. Akafungua mkoba, akatugawia mkate, yeye hakula. Akatazama bustani, kisha choo, kisha mikono yake.

"Mke mwenzangu," akaniambia polepole, "mama yako amekwambia nini kuhusu mimi?"

Nikaanza kuumega mkate wangu vipande vidogo. Sikujua kumdanganya, na ukweli sikuwa na ubavu wa kuusema.

"Amesema nachanganyikiwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Bibi akasema, "Basi labda," akaifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. Niliogopa. Mpaka hapo nilikuwa nadhani tumepotea njia tu, na njia hupatikana. Sasa niliona bibi mwenyewe hajui kama aliyepotea ni yeye au ni jiji, na mimi sikujua vilevile.

"Tumpigie mama," nikasema.

Simu haikuwaka. Wakili akaanza kuangalia mawingu kwa makini sana. Kwenye treni alikuwa amecheza mchezo wa magari njia nzima, na bibi alimruhusu, maana mume ni mume. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa ameshatuhurumia, akatoa simu yake.

"Nitajie namba, bibi, nikupigie."

Bibi akafungua mdomo. "Nane-saba-moja," akasema.

"Hiyo fupi, bibi."

"Hiyo ya Mikate." Akafumba macho. "Hospitali Kuu, mbili-nne-sifuri. Gereza, mbili-nne-tano, usiku unapitia kwa bwana jela. Stesheni, moja-moja-tisa." Zilimtoka bila kukwama, namba za watu waliokufa na ofisi zilizobomolewa, hadi mlinzi akaushusha mkono wenye simu. Akafika mwisho wa zote. "Ya mwanangu sina," akasema. "Imo ndani ya simu. Mimi nabonyeza picha yake tu."

Mlinzi akanigeukia mimi. Mimi, wa kwanza darasani, nilijua mito mikuu na miji mikuu, lakini namba ya mama yangu sikuijua. Wakili naye akasema haijui, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.

Nadhani nilianza kumuuliza bibi maswali ili nisilie. Nikamwambia anitajie jiji lote tena, kama kwenye kibaraza. Akaanza. "Stesheni," akasema, na mkono wake wa kulia ukainuka, vidole vitatu vimeshika kitu kisichoonekana, ukadunga hewani. "Mahakama." Mkono ukasogea kidogo kulia, ukadunga. "Mikate." Ukasogea tena. "Chini ya Stesheni, Hospitali." Mkono ukarudi kushoto, ukashuka kiasi cha upana wa dole gumba.

"Bibi," nikasema, "ulikuwa umekaa wapi ulipoyaona hayo?"

"Kwenye kiti changu."

"Kiti kipi?"

Mkono ukabaki hewani. Aliutazama kama umetoka kwa mtu mwingine.

"Wewe uliwahi kuja huku, Bibi?" Wakili akauliza.

"Kuja?" Bibi akawaza kwa bidii, nami nikaona kabisa kwamba hajui jibu, analitafuta. Alianza kusema ndiyo, akaacha. "Nilikuwa naongea na jiji hili kutwa," akasema. "Kutwa nzima. Nilijua mke wa hakimu ana pumu. Nilijua unga ukichelewa kule Mikate meneja anatukana." Akaushusha mkono. "Lakini kuja... Nani alinipa nafasi ya kuja? Kila mwaka likizo yangu mtu alikuwa mgonjwa."

Nikamrukia. "Basi hujachanganyikiwa, Bibi! Ni ubao! Kwenye ubao Mahakama iko jirani na Mikate!"

Alitabasamu, akanipapasa shavu, na kwa kitambo nilidhani nimemponya. Kisha akasema, "Na sufuria, mke mwenzangu? Sufuria nayo ni ubao?"

Hapo ndipo kengele ikalia. Ilitokea mbali, nyuma ya maghorofa, nzito, na bibi akainua kidole: "Subiri." Akainamisha kichwa upande. "Hii ni saa ya mnara wa Manispaa. Karani wao alikuwa anafungua dirisha, naisikia ndani ya simu. Pigo la tatu hukwaruza." Tukasikiliza. Pigo la tatu likakwaruza. Bibi akasimama, uso umechangamka kama aliyeitwa na rafiki, na mimi nilikuwa nahesabu. Yalikuwa mapigo manne, yaani saa kumi. Tulikuwa tumeshachelewa.

Mlinzi alituelekeza: kushoto, kulia, kushoto tena. Bibi akamshukuru, na tulipofika kona ya kwanza hakuna kati yetu aliyekumbuka. Tukafuata masikio ya bibi. Kengele ndogo ililia kila robo saa, na katikati yake tulikwenda kwa kubahatisha. Robo ya kwanza ilitujia usoni, tukafurahi. Robo ya pili ilitujia kisogoni, tukageuka, tukapita soko la maua ambalo nina hakika tulishalipita. Bibi hakuacha mikono yetu hata kidogo.

Mama alikuwa chini ya mnara na askari, kadi ya semina bado shingoni, kitambaa cha kichwa kimemteleza. Alitukumbatia hadi mbavu zikauma, akamzaba Wakili kibao kidogo cha mapenzi, kisha akamtazama bibi.

"Mama," akasema. Basi.

Nikajitosa. "Mama, bibi hakupotea! Alikuwa kwenye ubao, jiji lake liko kwenye ubao, Makumbusho iko chini ya Mahakama, ila tulipotaka kushuka..." Nikaona uso wa mama unavyobadilika, nikaelewa kwamba kila neno ninalomtetea nalo bibi linamfukia zaidi. Nikafunga mdomo.

Bibi hakujitetea. "Nitajie namba yako," akamwambia mama.

"Imo kwenye simu, mama."

"Simu imelala. Nitajie mwenyewe."

Mama akaitaja, kwa uchovu, jinsi unavyomtajia karani. Bibi akairudia. Akatugeukia: "Nanyi." Tukairudia. Njia yote hadi Stesheni mama alitangulia na sisi watatu tukamfuata nyuma tukiimba namba yake, watu wakitugeukia.

Ndani ya treni bibi alikaa dirishani. Jiji likawa linarudi nyuma, mnara, daraja, na yeye hakulitazama. Midomo ilikuwa inacheza. Mama akaniuliza kwanza mimi. Nikaitaja namba yote bila kosa. Wakili akaitaja naye, akabisha kwamba yeye ameitaja vizuri zaidi.

"Na mimi niulize," bibi akasema.

"Pumzika, mama."

"Niulize."

Mama hakuuliza, akamwinulia kidevu tu. Bibi akakaa wima, mikono mapajani, akaitaja kwa sauti yake ya kazini, tarakimu moja moja. Ilikwenda sawa, sawa, sawa, na mwishoni kabisa akasema mbili-tisa. Ilikuwa tisa-mbili.

Mama akavuta pumzi. "Ndiyo hiyohiyo, mama, ndiyo yenyewe," akasema upesi.

"Lakini—" Wakili akaanza, na mama akamtia biskuti mdomoni. Kisha akasema, "Likizo watakuja kwako, mama. Kama kawaida." Alisema hivyo akinitazama mimi, wala hakumtazama bibi, akanikazia macho, nami nikajua mtihani wa bibi nimeufanya mimi, na likizo mlinzi wake ni mimi.

"Asante, mwanangu," bibi akasema.

Mama alisinzia kabla treni haijafika kituo cha pili. Wakili akamlalia mapajani. Nilikuwa nimeshaanza kufumba macho na mimi bibi aliponigusa goti. Alimwonyesha mama kwa kidevu.

"Bosi ametoka," akaninong'oneza.

Nikasogea karibu naye.

"Nimekosea wapi, mke mwenzangu?"

"Mwishoni, Bibi. Si mbili-tisa. Ni tisa-mbili."

Akainua mkono wake wa kulia hewani, vidole vitatu. Akachomoa kwenye tundu moja, akachomeka kwenye la jirani yake, akasukuma kidogo ili ishike.

"Nitajie tena," akasema. "Taratibu."